Mzee Vénuste Munyemana na Ng'ombe Asiyeuawa

Marehemu Vénuste Munyemana alizaliwa Gashonga, Rwanda, tarehe 14 Machi 1949, akabatizwa Mibirizi. Alichunga ng'ombe wa baba yake mpaka alipoanza shule, na huko shuleni aliendelea nao kwa kuwachora, pembe ndefu kuliko ubao.

Masomo yake yaliishia mwaka wa tatu wa sekondari, 1966. Padri mmoja alimwazima kitabu cha picha cha hadithi za Wagiriki wa kale. Alikirudisha baada ya miaka miwili, tena kwa kukumbushwa.

Mwaka 1970 alianza kuchora vibao vya maduka mjini Kamembe. Kinyozi Muderhwa aliagiza kichwa cha kijana nadhifu, akachorewa shujaa wa Kigiriki mwenye kofia ya chuma. "Papa Vénuste, sasa bateja bataona nywele wapi?" alilalamika kwa Kiswahili cha kwetu mpakani. Hata hivyo kibao hakikushushwa, maana watu walikuja kukitazama na wakaishia kunyolewa.

Tarehe 8 Julai 1978 alifunga ndoa na Bernadette, muuza vitambaa sokoni. Alisema alimpenda kwa sababu alikicheka kibao kile mbele yake bila kuogopa.

Mwaka 1994 ulimpokonya ndugu wawili, na hakupenda kuuzungumzia. Mwaka uliofuata alianza kwenda kila Jumamosi kwenye nyumba ya mayatima Kamembe, akiwachorea watoto kitabu cha kijana wa Kigiriki aliyeingia, uzi mkononi ili asipotee, katika nyumba ya vichochoro kuliua dubwana lenye kichwa cha ng'ombe. Kosa la Vénuste lilikuwa moja tu: hakujua kuchora ng'ombe mbaya. Dubwana lake lilitoka na pembe na macho ya ng'ombe wa Gashonga.

Oktoba 1996, mizinga ya vita ikisikika kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, aliwafunulia ukurasa wa upanga, kijana akiwa tayari kuliua dubwana. Kamikazi, msichana wa miaka tisa, akasimama. "Papa, usiue ile ng'ombe! Ni batu baliifungia mu nyumba. Eko na kosa gani?" Watoto wote wakalia. Jumamosi iliyofuata picha ilikuwa nyingine: kijana anamtoa ng'ombe nje kwa uzi uleule, anampeleka ziwani kunywa maji.

Mwaka 1999 mchapishaji alifika, akakipenda kitabu, ila akataka upanga urudi, kwani ndivyo Wagiriki walivyosimulia. Kuchapisha kitabu kulikuwa ndoto ya maisha yake yote, nasi wa nyumbani tulimsihi akubali. Akajibu, "Bagiriki balifanya yabo. Hawa batoto balishaona bya kutosha." Akazikusanya picha zake. Jioni ile alilia, na Bernadette akazishona kwa uzi wa dukani kwake. Kitabu kikabaki kimoja tu, kikizunguka nyumba hadi nyumba.

Mwaka 2001 ugonjwa wa sukari ulianza kumla macho. Alipokuwa haoni tena, Kamikazi alikuja kumsimulia ukurasa mmoja baada ya mwingine, naye alimsahihisha rangi. Alifariki Jumatatu, tarehe 19 Mei 2003, nyumbani kwake. Neno lake la mwisho kwa Kamikazi lilikuwa swali: "Alishafika ku maji?" Akajibiwa, "Ndiyo, Papa. Anakunywa."

Ameacha mjane, Bernadette. Watoto wawili, Uwase na Cyusa. Mdogo wake Twagirayezu, anayewasomea wasifu huu. Watoto wa Jumamosi, ambao sasa ni vijana. Na ng'ombe mmoja, mzima, mwenye pembe ndefu.

Pumzika kwa amani, kaka. Tumeupokea uzi.