Nukta Kwanza

"Na wakishamwona, nani anamtoa?"

Swali hilo aliliuliza Tereza, muuza kahawa wa kijiwe chetu cha Mabatini, birika mkononi, na wanaume watatu benchini wakalipita kama hawakulisikia. Ilikuwa 1999, nimerudi likizo kutoka chuoni. Kijiweni walinibatiza Wakili kwa sababu kunyamaza sijui. Asubuhi hiyo Yakobo, fundi cherehani tunayemwita Redio, alikuwa amesikia habari za wataalamu huko Marekani: wametengeneza chembe ndogo mno zinazong'aa, za kubandikwa kwenye seli ya kansa ionekane. Zinaitwa nukta kwanta. Redio alisikia lake. Na Tereza ana uvimbe kwenye titi. Daktari kamwambia Jumatatu aende ukatolewe. Mumewe, Maige mchuuzi wa dagaa, anayemwita Mama Kija, anataka wasubiri.

Redio: Mtangazaji kasema wazi. Nukta kwanza!

Maige: Umesikia, Mama Kija? Nukta kwanza, kisu baadaye.

Mimi: Ni kwanta, baba mdogo. Ni jina lake, siyo foleni.

Redio: Redio ilikuwa kwako au kwangu?

Pravin, mwenye duka la spea za baiskeli, akapuliza kahawa yake.

Pravin: Huo mwanga unaunguza, au unaonyesha tu?

Maige: Dagaa sisi hatuwafukuzi, bwana. Tunawasha karabai, wanakuja wenyewe. Kansa itaufuata mwanga, itoke.

Pravin: Itokee wapi?

Maige: Popote. Hata sikioni.

Redio: Umepotea. Mwilini mna sungusungu, walinzi kama wale wa mtaani, ndiyo kinga yenyewe. Sasa kansa ni mwizi mtoto wa nyumbani, wanapishana naye wanamsalimia. Mbandike taa mgongoni uone! Mwano unapigwa, yowe la kuitana, wote wanatoka na marungu!

Pravin: Wale sungusungu waliomfunga kamba mwenyekiti wao, anatoka chooni usiku?

Redio: Si ndiyo maana nasema taa?

Hapo ndipo Tereza alipouliza. Wakishamwona, nani anamtoa? Maige akanyoosha kikombe aongezwe.

Pravin: Ngojeni tu, soko huria hili. Itashuka orijino, mwezi unaofuata feki, wa tatu inauzwa stendi pamoja na betri zake.

Maige: Mke wangu nitamtafutia orijino.

Alilisema taratibu, bila utani, nami nikazidi kukasirika.

Mimi: Orijino ipi? Hizo nukta zimewekwa kwenye seli ndani ya kisahani cha maabara! Hajatibiwa mtu hata mmoja. Mambo ya sungusungu kuwashiwa taa ni ndoto. Labda mwanangu ataziona, na mimi hata mchumba sina. Halafu mbona mnalijadili titi la mtu aliyesimama hapa hapa kama pedali ya baiskeli?

Redio akainama kutafuta sindano ambayo haikuanguka. Pravin akaweka kikombe chini.

Maige: Wakili, mama yangu walimpasua. Tulimpeleka anatembea kwa miguu yake. Tukarudi na nguo zake.

 

Maige akanyoosha kikombe tena. Tereza akainamisha birika. Likatoa tone moja. Akaliweka chini, akakaa benchini katikati ya Redio na mumewe. Miaka yote anatuuzia kahawa sikuwahi kumwona amekaa pale.

Tereza: Baba Kija, mama namkumbuka. Nilimwogesha mimi. Alipelekwa kidonda kimeshatoboka, kwa sababu tulisubiri dawa ya mganga wa Magu.

Maige akakitua kikombe chini ya benchi.

Tereza: Mimi huyu mwizi wangu namwona. Namshika kila asubuhi nikivaa. Taa ya nini?

Maige: Naogopa, Mama Kija.

Tereza: Na mimi naogopa. Jumatatu nisindikize.