Yumo, Yupo, Yuko: Maisha ya Mwalimu Aliyeitwa Bi Nimo

Marehemu dada yetu alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Machi 1961, saa mbili kasoro robo asubuhi, katika chumba cha kusubiri abiria cha stesheni ya reli, kati ya benchi la mbao na mizani ya mizigo. Mama yetu, fundi cherehani, alikuwa safarini kwenda hospitali. Treni ilichelewa, mtoto hakuchelewa. Baba, karani wa stesheni hiyohiyo, alimpima kwenye mizani na kuandika uzito wake katika kitabu cha vifurushi: kilo tatu na robo. Mama alizoea kusema kwamba hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kwa mtoto huyo kutulia mahali pa kusubiri. Alikuwa wa tatu kati ya watoto sita.

Kazi ya Baba ilikuwa ya kuhamahama, na marehemu alisoma shule nne kabla ya kumaliza elimu ya msingi. Katika shule ya tatu, mwaka 1970, jina lake lilisahauliwa kwenye daftari la mahudhurio kwa muhula karibu mzima. Kila asubuhi wenzake waliitwa, wakaitika, yeye akabaki amekaa kama mzigo usio na lebo. Siku moja uvumilivu ulimwisha, akasimama juu ya benchi.

"Na mimi nimo!"

Mwalimu akapekua kurasa. "Darasani umo. Kwenye daftari humo."

"Basi niandike, Mwalimu, niwemo kotekote."

Darasa lilicheka hadi kengele ikalia, na jina la Nimo likamganda kuanzia siku hiyo. Sisi wadogo zake tulikua tukidhani ndilo jina alilopewa na wazazi.

Alimaliza sekondari mwaka 1979, akajiunga na chuo cha ualimu na kupata cheti chake Novemba 1982. Januari iliyofuata aliingia darasani kufundisha Kiswahili na hisabati, na hakutoka humo kwa miaka thelathini na minane. Alipokuwa mkuu wa shule, mwaka 2009, alipewa ofisi yenye kiti cha ngozi. Mhudumu wa ofisi anashuhudia kwamba kiti kile kilifika mwaka wa kumi na moja mto wake ukiwa haujabonyea. Marehemu alisahihisha madaftari akiwa amesimama dirishani, alikunywa chai akitembea kwenye veranda, na hata kwenye mikutano alikuwa mtu wa ukutani.

Jambo moja lilimsimamisha tuli: kuita majina. Lugha nyingi duniani hutosheka na neno moja la kusema kwamba mtu hajapotea. Yetu haikutosheka. Ina *yupo*, wa mahali tunapopajua. Ina *yuko*, wa huko ambako hatuna hakika nako. Na ina *yumo*, aliye ndani. Mtoto aliyeitika "Niko!" akiwa ameketi mbele yake aliulizwa papo hapo, "Uko wapi? Sokoni?" Alitaka aitikiwe "Nimo!", kwa sauti ya mtu anayejua alimo. Katika daftari lake hakuweka alama ya vema kama walimu wengine. Aliandika *mo* kwa aliye darasani, *po* kwa asiyekuja lakini anajulikana mahali alipo, na *ko* kwa asiyejulikana. Mkaguzi mmoja alimwandikia kwamba huo si utaratibu. Alimjibu kwamba si utaratibu, ni sarufi.

Tarehe 20 Desemba 1986 marehemu alifunga ndoa na fundi saa. Walikutana alipompelekea saa ya ukutani ya shule iliyokuwa ikichelewa. Saa ilitengenezwa, baada ya wiki ikachelewa tena. Alirudi mara saba. Baada ya harusi ndipo fundi alipokiri kwamba kila mara alikuwa akiilegeza kwa makusudi. "Ningefanyaje?" alisema. "Wewe ungekuja kuketi kwangu kwa sababu gani nyingine?" Waliishi miaka karibu thelathini na minne katika nyumba yenye saa kumi na tisa, kila moja na wakati wake, na walibarikiwa binti na mwana. Shemeji yetu alikuwa mtu wa kifua. Kila msimu wa baridi ulimwacha akihema, na dada yake, ambaye ni muuguzi, alikuwa akimpimia pumzi kama anavyopima fundi mwendo wa saa.

Jumatano ya tarehe 18 Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Marehemu aliunga mkono kufungwa. Aliwaaga wanafunzi getini mmoja mmoja, akafunga ofisi, na kesho yake akaanza kuita majina kwa simu. Wanafunzi wa darasa la mwisho walikuwa arobaini na watatu. Kwa wiki za kwanza daftari lilijaa *po*: yupo nyumbani, yupo kwa bibi, yupo anafua. Mwezi wa sita *ko* zikaanza kuingia. Mama mmoja alipopigiwa kuhusu binti yake, alijibu, "Yuko."

"Yuko wapi, mama?"

"Yuko tu, Mwalimu."

Hiyo "yuko tu" ilimnyima raha. Alivaa barakoa, akatembea mitaa mitatu kwa siku mbili, na akamkuta binti huyo katika nyumba ya watu, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kiunoni, akiwa yaya wa kutwa. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Kufikia mwezi wa nane *ko* zilikuwa kumi na moja, na marehemu akabadili msimamo wake. Alitaka darasa la mwisho lirudi.

Wakubwa wa elimu walikuwa wameziachia shule ziamue pamoja na wazazi wa wanafunzi. Mkutano ulifanyika uwanjani, Jumamosi ya tarehe 12 Septemba, viti vikiwa vimeachana hatua mbili. Waliokuwapo wanaukumbuka. Mwenyekiti wa wazazi, mwenye duka la saruji, alisema hakuna haja ya haraka, kwani watoto wapo kwenye simu wanasoma.

"Wapo, au wamo?" marehemu aliuliza, na watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Simu ni moja nyumba nzima, na saa kumi na mbili asubuhi inaondoka mfukoni mwa baba."

Dereva wa lori akanyoosha mkono. "Mwalimu, wangu hanawi mikono hata nikimfukuza na mwiko. Kwako atanawa?"

"Kwako anafukuzwa na mwiko. Kwangu atafukuzwa na mimi."

Kicheko hicho kilikatika aliposimama wifi yake, yule muuguzi, mwenye binti katika darasa hilohilo. Alikuwa ametoka zamu na hakuwa amelala.

"Wifi yangu anahesabu wasio darasani," alisema. "Mimi nahesabu wanaotoka wodini wamefunikwa shuka. Kumi na wanne kwa mikono yangu hii. Mtoto atarudi na mafua mepesi, hata hatayajua, halafu atamkumbatia bibi yake. Wifi, nakupenda, na unajua nani amelala nyumbani kwako na kifua chake. Shule ikipoteza mwaka, mwaka utalipwa. Mtu halipwi."

"Na anayepotea akiwa hai," marehemu alimjibu, "yeye nani anamlipa?"

Mwenyekiti akaita kura. Mikono sitini na mmoja ilikubali shule ifunguliwe, hamsini na minane ikakataa.

Jioni hiyo ubishi ulihamia sebuleni, chini ya saa zile kumi na tisa. Fundi saa aliwasikiliza wote wawili, kisha akasema, "Saa ikisimama, huwezi kuifungia kabatini ukategemea ipone."

"Na ukiikaza kupita kiasi, kaka, kamani, ile springi yake, inakatika," dada yake akamrudishia. "Umenifundisha mwenyewe."

Madirisha ya shule yalikuwa thelathini na sita, na mengi yalikuwa hayajafunguka tangu yalipopakwa rangi. Fundi saa alikataa kubaki nyumbani. Alikwenda na kichupa chake cha mafuta ya saa, kile cha kudondosha tone kwa sindano, akalainisha bawaba zote kwa siku nne, akihema na kutania kwamba tangu azaliwe hajawahi kutengeneza saa kubwa kiasi hicho. Jumatatu ya tarehe 5 Oktoba madirisha yote yalikuwa wazi. Walirudi wanafunzi thelathini na saba. Yule yaya alikuwa mmoja wao. Binti wa muuguzi hakurudi, mama yake alikuwa amekataa.

Alhamisi ya tarehe 29 Oktoba fundi saa alilazwa. Alifariki Jumatano ya tarehe 11 Novemba 2020. Walimu wawili walikuwa wameugua wakapona. Wateja wa saa nao walikuwa wakiingia na kutoka karakana yake mwezi mzima, kwa kuwa saa hazijui karantini. Ugonjwa ulipitia mlango gani, hakuna aliyewahi kujua. Siku ya mazishi muuguzi alimwambia marehemu neno moja tu: "Nilikuambia."

"Uliniambia," marehemu alijibu.

Hawakuzungumza tena kwa miaka mitatu na nusu. Marehemu alirudi shuleni Jumatatu iliyofuata. Watu walisema ana moyo mgumu. Binti yake anasema kwamba nyumbani alisimamisha saa zote, na kwamba alikuwa akitembea kutoka chumba hadi chumba, akifungua madirisha na kuyafunga. Aliwafikisha wale watoto kwenye mtihani. Alistaafu Machi 2021, na kustaafu hakukumtuliza hata kidogo. Alikuwa akitoka asubuhi na daftari lilelile kwapani kuwatafuta wale watano ambao, ukimwacha binti wa wifi yake, hawakurudi. Aliwapata watatu.

Mwezi wa tano mwaka huu, 2024, alianza kulalamika tumbo, na vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho iliyokwisha kuenea. Wodi aliyolazwa ilikuwa chini ya wifi yake. Kwa wiki mbili muuguzi alimhudumia kwa adabu zote, akimwita "mgonjwa wa kitanda cha sita." Kisha siku moja, akitafuta miwani ya mgonjwa ndani ya mkoba wake, alikuta daftari la mwaka 2020.

Alilifungua. Mbele ya jina la binti yake mwenyewe, kuanzia siku shule ilipofunguliwa hadi ilipofungwa kwa likizo, hapakuwa na alama ya utoro hata moja. Palikuwa na *po*, *po*, *po*. Chini kabisa, baada ya mwanafunzi wa arobaini na tatu, palikuwa na mstari usio na jina. Ulianza tarehe ya kufunguliwa shule: *mo* kila siku, hadi tarehe 28 Oktoba. Kuanzia tarehe 29 ilikuwa *po*. Tarehe 11 Novemba iliandikwa *ko*, na mstari ukaishia hapo. Muuguzi hakuhitaji jina.

Hatukuambiwa walisemezana nini. Tunajua tu kwamba kuanzia kesho yake aliingia kila asubuhi, akasimama miguuni pa kitanda cha sita kama mwalimu wa zamu, na kuuliza, "Wifi?"

"Nimo!" marehemu alikuwa akijibu, na wagonjwa wengine wakaanza nao kuitika hivyo, wodi nzima, hata daktari akauliza kuna nini. Mwezi wa nane ulipoanza sauti ilipungua, na jibu likawa, "Nipo." Muuguzi aliielewa tofauti hiyo kabla ya madaktari, akatupigia simu sote tuje.

Jumamosi ya tarehe 17 Agosti, saa tatu asubuhi, aliuliza tena, "Wifi?"

"Niko," marehemu alisema.

"Uko wapi, wifi? Sokoni?"

Marehemu alicheka kidogo. Alifariki saa tano na dakika ishirini, muuguzi akiwa amemshika mkono, dirisha likiwa wazi kwa agizo lake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 63, miezi mitano na siku nane.

Katika familia bado tunabishana kama alifanya sawa, na leo asubuhi tumebishana tena tukiwa tunavaa. Muuguzi anasema hajabadili mawazo. Yule aliyekuwa yaya yupo hapa, safu ya tatu, na sare ya kidato chake. Hao wawili wameketi kiti kwa kiti, na muuguzi ndiye aliyemshikia nafasi.

Marehemu ameacha binti, mhandisi wa maji, mwana, mpiga chapa, ambaye ndiye aliyechapa karatasi mlizoshika, wajukuu wanne, ndugu wanne, wifi mmoja, saa kumi na tisa, ambazo mwanawe amezitia ufunguo leo alfajiri, na watoto wawili wa darasa la mwaka 2020 ambao bado wana *ko*. Daftari amelichukua wifi yake. Mwenye habari zao amwone yeye baada ya mazishi.

Humu mwetu yumo. Hapa hayupo. Huko aliko, apumzike kwa amani, ikiwa tu atakubali kukaa.