Kalamu Nyeusi ya Mkaguzi

Ndugu Mkaguzi, mgeni wetu rasmi; Mwalimu Mkuu; wazazi; na ninyi wadogo mliokaa mbele, ambao tayari mna rangi hadi masikioni: hamjambo?

Jamani, leo nimepumua! Mwezi uliopita chumba hiki tunachokifungua leo kiwe cha rangi na sayansi kilikuwa stoo ya madawati mabovu, na darasa langu la kuchora lilikuwa linafungwa. Nani hakuyasikia maneno? Eti kazi yangu ni kuwachafua watoto wa watu, sayansi wataikuta mbele ya safari. Ndugu Mkaguzi alikuja na barua ya kutufunga. Ilibaki sahihi tu.

Nikajiandaa kumwonyesha kwamba kuchora nako ni sayansi. Unachora doa jeusi kwenye karatasi ya kuchujia, unachovya ukingo wake majini, maji yanapanda, na weusi unaachana na kuwa rangi mbalimbali. Nimefanya hivyo mara chungu nzima. Siku hiyo, kwa kihoro, nikashika kalamu ya kuandikia mabango, ile ambayo wino wake hausikii maji wala sabuni. Maji yakapanda, yakapita, doa likabaki jeusi ti! Mkaguzi akatazama saa. Nikasema moyoni, leo nimekwisha.

Ndipo akasimama binti wa miaka mitano tunayemwita Bibi Maswali. "Mwalimu, karatasi ni ile ile ya jana. Maji ni yale yale. Labda kalamu ndiyo mkorofi. Tuazime nyingine." Huyoo, akamwendea mgeni: "Babu, naomba yako." Loo! Kalamu ile ile ya kutia sahihi barua yetu!

Tukachora nayo doa jipya jeusi, tukachovya. Je, kilitokea nini? Zambarau ikatoka, ikafuata waridi, na bluu ikazipita zote. Ndugu Mkaguzi, uniwie radhi nikisema hadharani: ulipiga magoti sakafuni na suti yako, ukauliza, "Mbona bluu imefika mbali zaidi?"

Bibi Maswali akakujibu, "Sijui, Babu. Turudie tuone."

Miaka kumi na tisa nimefundisha nikiomba Mungu mtoto wangu asije akatamka "sijui" mbele ya mkaguzi. Nawe, mzee wangu, uliposikia neno hilo ukaikunja barua bila kuitia sahihi, ukaitia mfukoni, ukaomba karatasi nyingine.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Mlango uko wazi. Kunjeni mikono ya mashati, tuingie.