Meza Aliyoitengeneza Mdogo Wangu

Assalaam aleikum. Na wenzangu wa kanisani, Bwana asifiwe. Wazee mliomo humu, shikamooni.

Wiki iliyopita nilisimama hapa nikashindwa, nikarudi kukaa. Leo nimeomba nianze mimi, kabla sijapata muda wa kuogopa. Sitataja jina la mtu, kama tulivyokubaliana. Nitasema mdogo wangu, na mtajua ni huyo mmoja tu, maana mama yetu alituzaa wawili.

Tulikulia hapahapa Magomeni, kwenye nyumba ya babu. Mimi nilikuwa nauza vitambaa kwenye duka moja Kariakoo. Mdogo wangu alikuwa fundi wa meza za pool. Kazi alijifunza kwa mzee mmoja mwenye karakana ndogo Msimbazi: kubadilisha kitambaa, kunyoosha meza iliyoinama, kubandika raba. Kwa wale wasiocheza, meza ya pool ina kingo pande zote, na kila ukingo una raba ndani, imefunikwa kitambaa. Mpira ukigonga pale, raba inaurudisha.

Na mimi nilikuwa mchezaji. Nawaambia bila aibu, nilikuwa mzuri. Kijiweni kwetu palikuwa na meza moja chini ya bati, kila nikitoka dukani nipo pale. Lakini meza ile ilikuwa imezeeka. Jua na unyevu vilikuwa vimeila raba yake. Mpira ukigonga ukingo unarudi umechoka, kwa hiyo sote pale tulijizoesha kupiga kwa nguvu. Mdogo wangu akipita anatutazama, anatikisa kichwa.

"Braza, niache niibadilishe raba. Unauzoesha mkono vibaya."

"Iache meza yangu," nikamwambia. "Hapa nimeshawafunga wote."

Ikaja mechi, sisi na vijana wa Kariakoo, mshindi anaondoka na mbuzi. Tulicheza kwao, Jumapili baada ya alasiri, kwenye meza iliyotoka kutengenezwa wiki ileile. Aliyeitengeneza ni mdogo wangu. Wale vijana waliifuata karakana ya mzee wake kama anavyofuatwa fundi yeyote. Asubuhi ya siku hiyo tulikuwa tunakunywa chai na mama, akaniambia:

"Braza, ile meza raba zake mpya. Ukipiga kama unavyopiga huku, mpira utarudi mkali, na hautarudi kwa kona uliyoizoea. Nenda mapema ujaribu. Piga taratibu."

"Wewe kaza nati," nikasema. "Kucheza niachie mimi."

Mama akacheka. Na yeye akacheka. Hatukuwahi tena kunywa chai watatu.

Nilifika watu wameshajaa. Sikujaribu meza. Tukacheza mpaka tukalingana, gemu ya mwisho ukabaki mpira mweusi tu, zamu yangu. Njia ilikuwa moja: niugongeshe ukingo wa mbali, urudi uingie shimo la kati. Kijiweni nilikuwa nauingiza mpira ule huku naongea na watu. Nikapiga kwa nguvu zangu zilezile. Ukarudi kama umefukuzwa, ukagonga ukingo kabla ya kulifikia shimo, ukazunguka, ukaenda kusimama mdomoni mwa shimo la kona. Mpinzani wangu aliugusa tu, ukaingia.

Ukumbi mzima kelele. Mmoja akapaza sauti, "Kafungwa na meza ya nduguye!"

Nikamfuata mdogo wangu. Alikuwa amesimama ukutani na mfuko wake wa vifaa.

"Umeniuza," nikamwambia. "Umewatengenezea wao."

"Braza, si nilikwambia..."

Sikumwacha amalize. Nilimpiga kofi, mbele ya watu aliokuwa anawafanyia kazi. Kofia yake ikaanguka. Hakurudisha. Akaiokota, akaikung'uta vumbi, akatoka.

Wiki ile akahama nyumbani, akapanga chumba karibu na karakana. Akaoa. Harusini sikwenda. Sikukuu akija kumwona mama, mimi natoka. Mama alikuwa ananisihi, nami jibu langu lilikuwa moja: nitamsamehe siku atakayokuja kuniomba radhi. Ndugu zangu, mmesikia vizuri. Mimi ndiye niliyepiga, na mimi ndiye niliyekuwa nasubiri kuombwa radhi. Miaka miwili.

Kisha akaugua figo. Mama akawa anakwenda na kurudi hospitali, na kila akirudi ananitazama tu. Nikawa nasema nitaenda, nitaenda.

Mama yetu hasikii vizuri, kwa hiyo simu yake tumeiweka sauti ya nje. Asubuhi moja nipo sebuleni navaa viatu, ikaita. Mdogo wangu. Sauti ilikuwa imekonda, kama sauti inaweza kukonda.

"Mama, braza yupo hapo? Nipe niongee naye."

Mama akaninyooshea simu. Nikamfanyia ishara, nikasema, "Mwambie nimeshaondoka." Nilidhani nimesema chinichini.

Halafu mdogo wangu akasema, "Haya mama. Nimemsikia."

Siku ya nne tukamzika.

Samahanini... Naomba maji.

Ahsante, dada.

Niliingia kaburini kumpokea, kwa sababu ndugu yake wa damu mwanaume ni mimi. Alikuwa mwepesi mno. Nilimlaza kwa mkono uleule.

Sikuwa mnywaji kabla ya hapo. Nilianza baada ya arobaini, na sikuanza kidogokidogo. Nilikuwa nataka nisisikie ile "nimemsikia". Dukani nikawa nafika nanuka. Siku moja nimemkatia mama wa watu kitambaa cha sare ya harusi, nimekikata upogo, hakifai tena. Bosi wangu, mtu aliyenipokea nikiwa kijana, hakunigombeza. Alikikunja taratibu, akaniambia, "Nenda nyumbani. Ukipona urudi." Sikurudi. Nilikuwa naokotwa hapo barabarani mchana kweupe, naletwa kwa mama. Wengine mliopo hapa mlinibeba, nawaona. Mama aliniogesha, mwanaume wa miaka arobaini, na yeye machozi ya mwanawe mwingine hayajakauka.

Siku moja akaniambia, "Kama huna kazi nyingine, nenda Msimbazi ukanichukulie vifaa vya mwanangu." Nikaenda asubuhi, kabla sijaonja kitu. Mzee fundi nikamkuta kakaa kwenye stuli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye kaka."

Hakuwa anauliza. Na vifaa hakunipa. Mle ndani mlikuwa na meza mbili. Moja niliijua hata kabla sijaisogelea, ilikuwa ya kijiweni kwetu, imeletwa kutengenezwa hatimaye. Akanipa fimbo, akauweka mpira mweusi.

"Gongesha ukingo ule, uingie shimo la kati."

Mkono uliikumbuka meza. Nikapiga kwa nguvu. Ukaingia.

"Sasa piga vilevile kwenye hii nyingine, raba zake mpya."

Nikapiga. Ukagonga ukingo kabla ya shimo. Palepale palipogonga siku ile.

"Tena," akasema. Palepale. "Tena." Palepale.

Akachukua kisu, akaichana raba ya meza yetu, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa ngumu, ina nyufa kama kandambili iliyosahaulika juani. Nikabonyeza ukucha, haukuingia. Akanipa na kipande kipya, kikabonyea, kikarudi.

"Raba ikifa inazimeza nguvu za mpira," akasema. "Ikiwa hai inazirudisha. Na ukipiga kwa nguvu kwenye iliyo hai, mpira unazama ndani yake, unatoka kwa kona nyingine. Tena mdomo wa raba lazima uguse mpira juu kidogo ya nusu yake. Ukishuka, mpira unaruka. Ukipanda, unabanwa. Ile meza ya Kariakoo mdogo wako aliipima mara tatu kabla ya kuwakabidhi."

Nikavirudisha vipande vyote viwili mezani.

"Unajua alifanya nini baada ya kofi lako? Alikuja hapa, akaniomba Jumatatu twende naye tukaipime upya. Akasema, 'Mzee, huenda kweli nilikosea. Kama nilikosea, nikamwombe radhi braza.' Tukaenda. Tukapima ukingo mmoja mmoja, yeye anaombea tukute kosa. Hatukulikuta."

Ndugu zangu, nilikaa chini sakafuni, katikati ya vipande vya raba. Nililia, na mzee aliendelea na kazi yake, akaniacha nilie. Nilipomaliza akasema, "Kesho saa mbili uwe hapa. Ukinuka pombe nakurudisha."

Alinirudisha mara nyingi, sitawadanganya. Lakini hakuacha kusema "kesho". Na yeye ndiye aliyenishika mkono akanileta kwenye kikundi hiki. Leo nina mwaka na miezi miwili sijaonja. Raba nabandika mwenyewe. Bado mzee anapima nyuma yangu.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa shemeji yangu, mke wa marehemu. Nilikaa mkekani nikamweleza yote, la kofi na la simu. Lile la simu alikuwa analijua. Alikuwa kakaa kitandani pembeni yake siku ile. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shemeji, kwa upande wangu nimekusamehe. Kwa upande wake, mimi sina uwezo." Kisha akainuka akaenda kupika, akaniambia nisiondoke kabla sijala. Nilikula.

Namshukuru huyo shemeji. Namshukuru mzee wangu, yupo pale nyuma, hapendi kutazamwa. Nawashukuru nyinyi mlionibeba barabarani. Mama namshukuru kila siku nyumbani. Hapa akija atalia, na mimi sitaweza kusema.

Neno langu ni fupi. Kama una ndugu mmegombana na bado anapumua, mfuate. Usingoje kwanza ijulikane nani alikuwa na haki. Mimi nilingoja, na nimejua. Nimejua mpaka kimo cha raba kutoka mezani. Na hata nikijua zaidi ya hapo, mdogo wangu hatasikia.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Naomba nikae.