Kwa Mzee Tharsisi, Aliyebeba Ajali Isiyo Yake

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyekubali kukaa juani na sisi wakati hema lina kivuli upande mmoja tu. Wakuu wa idara. Sheikh wetu na mchungaji wetu, mliokaa meza moja na picha tumeshapiga. Wafanyakazi wenzangu wa kiwanja hiki cha ndege, ambao tuko watatu na leo mmoja anastaafu. Ndugu mliotoka Kasulu, Mabamba na wengine kambini Nyarugusu kwa kibali cha siku moja. Na wewe Mzee Tharsisi, mwenye shughuli, uliyekalishwa kwenye kochi la maua kama bwana harusi asiyejua bibi harusi yuko wapi: nawasalimu nyote.

Naitwa Shamsia. Ni mjukuu wa Bibi Asmahani, yule mpishi ambaye nusu ya Kibondo imeolewa kwa pilau lake. Nimepewa dakika tano, na mshereheshaji wetu Khamisi ameniambia nikizidisha anafungulia muziki. Kaka Khamisi, naomba uchomoe kabisa huo waya, kwa sababu leo nina jambo.

Wengi mnanijua kama yule binti wa ndege. Sijasomea ndege mahali popote. Kidato cha nne nilimaliza, hesabu nikapata alama ambayo mbele ya Mheshimiwa siitaji. Lakini nina simu, na simu ikiwa na bando mimi ni mwanafunzi. Na kitu nilichokisoma kuliko vyote, msinicheke, ni ajali. Tena siyo ajali zote. Ni zile za ndege mpya, zilizotoka kiwandani zikiwa zinapelekwa kwa mwenyewe, zikaanguka njiani kabla hazijabeba abiria hata mmoja.

Kwa nini hizo? Mzee Tharsisi aliniuliza swali hilo hilo tukiwa tunafyeka nyasi. Nikamwambia, Mzee, fikiria. Wakati wa vita kuu ya pili kulikuwa na marubani, wanawake wakiwemo, ambao kazi yao ilikuwa kuchukua ndege mpya kiwandani na kuipeleka kikosini, na wengi wao walikufa bila kumwona adui hata kwa mbali. Kulikuwa na wengine waliovuka bahari kubwa na kindege kidogo, tangi la ziada la mafuta limewekwa pale ambapo abiria wangekaa, wakapotea, na mpaka leo haijulikani nani alilala wapi. Na mwisho wa kila safari ya namna hiyo, upande ule inakoenda, kuna watu. Wamevaa nguo mpya, wameshika maua, wanatazama juu. Hao je? Nani anaandika habari zao? Mzee akanoa fyekeo, akasema, "Hao huwa wanarudi nyumbani na njaa." Nikajua kuna kitu.

Ndugu zangu, sisi Kibondo ni watu wa aina hiyo. Mliozaliwa juzi hamjui, ngoja niwape.

Mwaka 1997 makambi ya wakimbizi yalikuwa yamejaa, wagonjwa wanasafirishwa kwa barabara ambayo wakati wa masika ilikuwa inasafirisha matope. Shirika moja likanunua ndege ndogo, mpya kabisa, viti bado vimevikwa nailoni, ya kuwapeleka wagonjwa Mwanza. Rubani mgeni akaileta kutoka kiwandani, nchi kwa nchi, siku kumi na moja angani, akabakiza kipande kimoja tu: kutua hapa. Hapa tulipokaa.

Sasa, kiwanja wakati ule hakikuwa na lile soksi jekundu la kuonyesha upepo. Lilikuwepo, likaibiwa. Mzee Tharsisi alilitolea taarifa mara mbili, na baadaye likaonekana sokoni limebeba maharage. Ndiyo akabuni njia yake. Kila akisikia kuna ndege, anachoma majani mabichi upande wa mashariki, unapanda moshi mmoja mweupe, rubani akiwa juu anaona unalalia wapi, anajua upepo unatoka wapi, anatua akiuelekea. Miaka minne hakuna hata tairi lililopata pancha. Marubani wote walijua: ukifika Kibondo, tafuta moshi wa Tharsisi. Na huyu mgeni akaambiwa hivyo hivyo. Tafuta moshi.

Tatizo ni kwamba siku hiyo moshi ulikuwa sehemu mbili.

Kulikuwa na sherehe ya kuipokea, na sherehe ina wapishi. Wapishi walikuwa kule magharibi, bondeni, nyuma ya ile mikaratusi, wasimwagie wageni majivu. Na mnajua desturi zetu. Mgeni haingii kwenye nyumba isiyotoa moshi. Akitokea kule kilimani akaona paa lako limekaa kimya, atasema hakutegemewa hapa, na hiyo aibu wajukuu watairithi. Kwa hiyo mkuu wa wapishi aliposikia mngurumo, na ndege ikaanza kuzunguka juu, alifanya kile ambacho mama yeyote wa hapa mwenye adabu zake angefanya. Aliongeza kuni mbichi, akatupia na majani ya mkaratusi, ili mgeni aliyetoka mbali namna ile aone kwamba jiko ni la kwake. Moshi ukapanda mnene, ukaufunika ule wa Mzee.

Bondeni pale upepo haupiti kama unavyopita juu. Unagonga miti, unajikunja, unarudi. Juu ulikuwa unatoka mashariki, pale chini moshi unaonyesha unatoka magharibi. Rubani akachagua moshi mkubwa. Nani asingechagua mkubwa? Akashuka upepo ukiwa unamsukuma mgongoni, breki zikakataa, kiwanja kikaisha, akayapita majiko hatua ishirini na kuingia kwenye mihogo ya Mzee Ndayisaba, yule pale mwenye kofia, ambaye mpaka leo mlango wa banda lake la mbuzi ni mlango wa ndege. Pilau halikumwagika hata punje. Rubani alivunjika mkono. Ndege haikuruka tena.

Kuna watu walihitaji ile ndege na hawakuipata. Sitalipita hilo kwa utani, maana Mzee mwenyewe halipiti.

Baada ya wiki tatu ikaja kamati. Wakauliza nani aliwasha moshi. Mzee Tharsisi, kijana wa miaka thelathini na mbili wakati huo, akasema mimi. Wakamwambia tumesikia ulikuwa sehemu mbili. Akasema moshi wowote kwenye kiwanja hiki ni wa kwangu. Basi. Wakaandika, wakasaini, wakaondoka. Yeye akapewa onyo kali, akabaki cheo kile kile miaka ishirini na nane, akabandikwa jina la Mzee Moshi, na kwenye ukuta wa chumba cha kusubiria ikaandikwa historia ya kiwanja, mstari wa nne: "1997, ndege mpya yaharibika kwa uzembe wa mhudumu."

Mmeusoma wote. Ukisubiri ndege hapa huna kingine cha kusoma. Lakini mnajua kwamba mwaka 2011 rangi ilipofifia, aliyepewa kopo na brashi airudishie ni yeye? Akaurudishia. Herufi kwa herufi, hakuruka hata mkato. Hivi wewe ungeweza? Mimi ningemwaga rangi bahati mbaya.

Sasa mimi na kiherehere changu. Nimesoma ajali zote hizo, ya nyumbani sijaichambua? Mwezi uliopita nikachora ramani, nikashuka bondeni na majani mabichi na simu, nikawasha, nikapiga video. Bwana wa misitu akataka kunikamata, nikamwambia nafanya utafiti, akauliza wa chuo gani, nikamwambia cha bando. Nikarudia siku tatu. Siku zote tatu moshi wa bondeni ulidanganya. Nikakimbia kwa Mzee nikihema, nikamwambia Mzee, haukuwa wako, kulikuwa na moto wa pili, nitamtafuta aliyeuwasha. Nilitegemea afurahi. Akaniambia, "Shamsia, nakuomba kama baba yako. Usimtafute."

Jamani, mtu kama mimi ukimwambia usitafute!

Nikaenda nyumbani nikamhadithia bibi yangu, anapepeta mchele. Nilipofika kwenye mikaratusi akaacha kupepeta. Akasema, "Mkuu wa wapishi siku ile nilikuwa mimi."

Naomba mnielewe vizuri hapa. Bibi hakujua. Miaka ishirini na nane hakujua, hakuna aliyemwambia moshi wa jikoni unaweza kuangusha ndege. Yeye mwenyewe alikuwa anamwita Mzee Moshi pamoja na ninyi, akimpelekea chai anamtania kwamba asiiwekee moshi. Na huyu bwana anapokea chai, anacheka, anasema asante dada.

Jumamosi iliyofuata Bibi akavaa baibui lake la Idi akaja hapa kiwanjani. Mimi nilikuwa nyuma ya pipa la maji. Ndiyo, nilikuwa nasikiliza. Bibi akamuuliza, "Tharsisi, mwanamume mzima, kwa nini hukuniambia?" Mzee akajibu, "Ungenipunguzia nyama kwenye pilau." Bibi hakucheka. Akamwambia sema kweli. Mzee akasema, "Asmahani, ulikuwa na watoto watatu na huna karatasi hata moja. Mimi nilikuwa na barua ya kazi. Nani alikuwa na cha kusimamia?"

Wazee wanakumbuka mwaka ule. Waliotoka ng'ambo ya mpaka walikuwa wanakusanywa na kupelekwa kambini. Bibi yangu alizaliwa Rumonge, ng'ambo hiyo hiyo, akavukia Munanila mgongoni kwa mama yake hata meno hana. Jina lake lingeandikwa kwenye ile ripoti, eti mwanamke kutoka ng'ambo kachanganya ishara za ndege, mnafikiri angeulizwa habari za desturi? Mama yangu alikuwa na miaka kumi. Ningezaliwa wapi mimi? Ningekuwa nani? Karatasi Bibi alikuja kuzipata baadaye; Mheshimiwa usinitazame hivyo, ni halali, na zimepigwa nailoni.

Kwa hiyo leo watu wamesema mengi mazuri ya Mzee Tharsisi: mvumilivu, mchapakazi, hajawahi kuchelewa. Ni kweli. Nyasi alifyeka, mbuzi wa Mzee Ndayisaba alifukuza, na mwenyewe Mzee Ndayisaba alimfukuza akija kuwachukua. Mimi alinifundisha kusoma mawingu yanayotoka upande wa Muyovozi bila simu, na nilipokosea aliniambia umekaribia, hata siku ambazo sikukaribia kabisa. Lakini kubwa kuliko yote hamkulisema kwa sababu hamkulijua, na yeye alikusudia aende nalo nyumbani.

Ombi langu ni moja, Mheshimiwa. Mzee anatoka geti hili leo saa kumi. Akitoka, ule mstari wa nne unabaki, na atakayekuja kesho atausoma na kuamini. Rangi nimeshanunua. Ninaomba ruhusa yako uandikwe upya yeye akiwa bado yupo hapa, aone kwa macho yake.

Namwona anatikisa kichwa. Mzee, nakuheshimu kama baba, ila uliniomba nisimtafute nikashindwa, na la leo halipo mikononi mwangu wala mwako. Bibi yangu hajapika leo. Kwa mara ya kwanza mmekula pilau la mtu mwingine, na najua mmelisema. Hajapika kwa sababu ana barua, imekunjwa kwenye mkoba wake. Nilimwambia nitaisoma mimi, maana macho yake yamepungua. Akasema jina lililomo ni lake, ataisoma mwenyewe, hata ikichukua mpaka magharibi.

Bibi, pita hapa katikati. Mpisheni jamani, shika mkono wangu, kuna kamba ya hema.

Mimi nimemaliza, na kwa masikio mliyonipa nawashukuru sana. Naomba msiyafunge bado. Kipaza sauti, huyu hapa Bibi Asmahani.