Wapangaji Mia Tatu wa Mwalimu Najla

Mheshimiwa Diwani wetu. Mzee Sibtain Jivraj, mwenye jengo hili na mwenye kompyuta ile. Mwalimu wetu Najla binti Harub, tunayemuaga leo anaporudi kwao Pangani. Ndugu wageni mliotoka Tanga mjini mkatufuata huku Maramba. Na nyinyi wenzangu wa shamba la mkonge, ambao najua mmefuata pilau. Wakubwa, shikamooni. Wadogo, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Naitwa Hezironi Ntakije. Nimezaliwa Kasulu, shule niliiacha darasa la nne, na huu ni mwaka wa kumi na moja nakata mkonge hapa. Nimechaguliwa kusema kwa niaba ya wanafunzi, na si kwa sababu najua kusema. Dada Ruthi alishauri kwamba anayelia haraka asipewe kipaza sauti, tukaangaliana, nikabaki mimi.

Nianze na ukweli wangu. Sikuja darasani kutafuta mambo ya kisasa. Nilikuja kwa sababu ya mke wangu. Miaka yote hii, ujumbe wangu wa nyumbani umeandikwa na Shekhe, dereva wa trekta, yule pale anayejifanya anafunga kamba za viatu. Mimi namwambia maneno matatu, yeye anaandika kumi na tano. Nilitaka nimwandikie mke wangu mimi mwenyewe, pasiwe na mtu katikati. Hilo tu ndilo lililonipandisha ngazi hizi mpaka darasani, juu ya duka la Mzee, nikiwa nimechoka, nguo zinanuka utomvu.

Siku ya kwanza Mwalimu hakutupa herufi. Alitazama vidole vyetu, akaona havikunjiki, akatufungulia gemu. Ndani yake mna bonde, kisima, miti ya matunda, na viumbe vidogo vyenye masikio makubwa, kumi na sita tu. Ukiandika "njoo", vinakuja. Ukiandika "kula", vinakula. Na ukikosea ukaandika "nojo", vinakutazama tu, vinasubiri ujaribu tena. Waheshimiwa, ni mara ngapi maishani mtu wa kambi ya mkonge amekosea mbele ya mwenye kujua, asichekwe wala asifokewe? Mimi ilikuwa mara ya kwanza, na walionivumilia walikuwa viumbe wa kwenye kioo. Tukawapa jina, tukawaita wapangaji.

Basi wapangaji wakaanza kuzaliana. Wakawa arobaini, tukashangilia. Wakawa mia, Ruthi akapiga kigelegele. Walipofika mia tatu na kumi na mbili, hapakuwa tena na pa kuweka mguu bondeni. Walisimama bega kwa bega kama sisi siku ya posho, wagonjwa wanakohoa, kisima hakionekani, na kompyuta nayo ikalemewa. Ukiandika herufi moja, unaweza kwenda kunywa chai, ukirudi ndiyo inatokea. Masomo yakasimama. Mimi nilikuwa nimefika kwenye kuandika jina la mke wangu, na lilikuwa halijaisha.

Mzee Sibtain akapanda kuangalia. Mzee, naomba radhi, nitayasema kama ulivyoyasema.

"Mwalimu, mashine yangu imekufa?"

"Haijafa, Mzee. Imejaa."

"Imejaa nini?"

"Wapangaji."

"Mimi nimetoa chumba kwa wanafunzi tisa, wewe umeniingizia watu mia tatu! Nawapa mpaka Ijumaa. Isipotembea naishusha chini, na chumba naweka mbolea."

Mwalimu akatuambia iko njia fupi: kuchagua mia mbili na kubonyeza kitufe cha kufuta. Akamwita Anjela, mpishi wetu wa kambi. Anjela akashika kipanya, akasogea. Sasa wale viumbe, ukisogeza kipanya karibu yao, wanainua nyuso, wanadhani unaleta tunda. Anjela akakiachia.

"Mimi nachinja kuku kila Krismasi," akasema, "lakini kuku haniangalii hivi."

Nikaitwa mimi. Mkono huu umekata mkonge miaka kumi na moja, miiba imeuchoma mpaka haiuchomi tena, ukashindwa na kitufe kidogo kuliko punje ya hindi. Wote tisa tulishindwa.

Ndipo Mwalimu alipouliza, "Hebu semeni. Nani anawalisha hawa?"

Ruthi akasema, "Mimi kidogo tu, nikifika. Nitaingiaje kwa watu mikono mitupu?"

"Na mimi nawawekea ndizi," akasema Shekhe, ambaye kuandika anajua, kompyuta ndiyo alikuwa haijui. "Lakini ndizi si chakula, Mwalimu, ndizi ni heshima."

"Unamheshimu nani kwa mikungu sita?" Anjela akamuuliza. "Na wewe Hezironi, usijifiche! Nimekuona kwa macho yangu."

Kweli nilikuwa nalisha. Kila mmoja wetu alikuwa analisha, kila siku, akidhani ni yeye peke yake mwenye huruma. Sisi tumelala njaa, waheshimiwa, hatuwezi kuona kiumbe anatazama juu tukapita. Basi wakala mara tisa kwa siku, na kwenye gemu lile, aliyeshiba sana hutaga kila siku.

"Mara kumi," akasema Mwalimu, akifunika uso kwa mtandio. "Na mimi huwapa nikifungua mlango."

Tulicheka mpaka Mzee akagonga dari kutoka dukani.

Kicheko kilipoisha nikasema kitu ambacho kila mtu wa kambi anakijua. Chumbani kwetu tunalala sita na jiko ni moja. Wote wakipika, nyumba inaungua. Kwa hiyo tunaandika zamu ukutani kwa mkaa, na siku isiyo yako hugusi sufuria hata kama unaona mchuzi unakauka. Nikamuuliza Mwalimu, je, na hawa hawawezi kuwa na zamu? Akanipa chaki. Nikaandika majina tisa ubaoni, na mawili nilikosea.

Tukaanza Jumatatu. Mmoja analisha, wanane wanafunga mikono. Mayai tuliyaweka kwenye kapu la baridi lililomo humo humo kwenye gemu, yasianguliwe mpaka ipatikane nafasi. Wazee wao, ambao maisha yao ni siku mbili za kwetu, wakaenda kwa wakati wao, hakuna aliyefutwa. Ijumaa Mzee alipopanda, walikuwa themanini na wanne. Kisima kinaonekana. Akabonyeza herufi, ikatokea hapo hapo. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha akauliza, "Hawa wanakula ndizi?" Tangu siku hiyo jina la kumi ubaoni ni lake.

Mwalimu Najla, wewe ungeweza kuwafuta peke yako siku tulipokuwa shambani, na kesho yake ukatuambia umeme uliruka. Nani angejua? Wakubwa wangapi wanatatua shida ya kujaa kwa kupunguza watu, na ni wangapi wanaouliza kwanza nani analisha, kisha wakajitaja na wao? Ulituachia kosa letu tukalitengeneza wenyewe. Pangani wamepata mtu.

Na masomo yakaendelea. Jumatano iliyopita nilimwandikia mke wangu kwa simu, kwa vidole hivi, saa nzima: "Mimi mzima. Nimechoka. Nakukumbuka. Desemba nakuja." Nikatuma, nikangoja.

Jibu likaja: "Wewe ni nani unayetumia simu ya mume wangu? Yeye huniita ua la asubuhi."

Nikamwandikia: "Ua la asubuhi ni Shekhe. Huyu ni mimi."

Jioni akaandika: "Basi endelea wewe."

Mwalimu, hayo maneno matatu ni yako kama yalivyo yangu. Nenda salama. Nanyi nyote mliokaa mkanisikiliza wakati pilau linapoa, asanteni sana.