Shangazi Otilia na Namba za Los Angeles Zinazolia Yatuxi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwaunganisha kwa simu watu wa kijiji chetu cha San Melchor Yatuxi na watoto wao walioko ng'ambo, Bi. Otilia Yescas anastaafu Jumapili hii, tarehe 30 Novemba. Itaanza misa, ifuate bendi, kisha chakula. Mwenyewe ameomba hotuba ziwe fupi. Sisi wa kamati ya simu tumekubali, lakini kuhusu maandishi hakutukataza kitu.

Alianzia katika kibanda cha simu kando ya kanisa, enzi ambazo kijiji kizima kilikuwa na simu moja. Mtu akipiga kutoka Los Angeles, Shangazi Otilia (hivyo ndivyo tunavyomwita sote, hata wanaomzidi umri) alishika kipaza sauti na kutangaza hadi mlima wa pili: "Don Chema, una simu! Mwanao anangoja! Acha kula hiyo tamale, utaikuta!" Kila mtu alijua nani kapigiwa, na mara nyingi alijua na sababu. Habari za msiba tu ndizo hakuzitangaza kamwe. Alifunga kibanda, akapanda kwa miguu hadi kwa mwenye msiba na kumwambia mwenyewe.

Intaneti ilipofika, kampuni kubwa zilituona wachache mno, kwa hiyo mkutano wa kijiji ukaamua tusimike mnara wetu wenyewe. Tuliubeba mgongoni kipande kwa kipande, na Shangazi akakabidhiwa kompyuta. Walisema itamshinda. Aliitukana kwa Kihispania, akaitukana kwa Kizapoteki, lugha yetu ya nyumbani, na ikatii.

Kijiji kikakodi namba za Los Angeles, kila nyumba yake. Kijana aliyeko kule anabonyeza namba kama ya jirani yake wa mtaani, simu inasafiri kwa intaneti na kulia jikoni kwa mama yake huku mlimani. Kazi ya Shangazi ilikuwa kuhakikisha kila namba inajua mahali pa kulia. Tulipotaka kuhamia kwa mtoa huduma mwingine, wenzake tulishauri tuchukue namba mpya, tuepuke usumbufu. Alitutazama kama tuliotukana kanisani. "Namba hiyo mtoto ameikariri," alisema. "Mkiibadilisha mmemfungia mlango wa kwao." Tukahama na namba zetu zote.

Hatuwezi kuacha kuitaja sikukuu ya mtakatifu wetu, ile ya kwanza baada ya mnara. Watu walikuwa wamejifunza kuelekeza simu zao kwa jirani wanapotoka. Siku hiyo wote walitoka. Nyumba ya kwanza ikaelekeza kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, hadi ya mwisho mtaani, nayo ikaelekeza kwa ile ya kwanza! Sisi tukicheza uwanjani, simu za Los Angeles zilikuwa zikizunguka mtaa bila kumpata mtu, mpaka mitambo ikazidiwa na kuzimika. Kule wakadhani mlima umetuangukia. Shangazi alitoka kwenye maandamano ya mtakatifu na mshumaa mkononi, akakamata kipaza sauti: "Nani kamwelekezea nani? Semeni sasa hivi, kabla sijapandwa na mori!" Tangu hapo, simu iliyoelekezwa kwa jirani isipopokelewa huishia ofisini kwake.

Lakini kama kuna jambo moja la kumkumbuka nalo, ni la Abdón.

Kwetu, mkutano ukikuteua, unatumikia kijiji mwaka mzima bila malipo, hata uwe wapi. Ukiitwa mikutano mitatu bila kuitika, jina lako linafutwa na kiwanja chako kinarudi kwa kijiji. Abdón, mpiga tuba wetu, lile tarumbeta kubwa la bendi, alikuwa ameitwa mara mbili. Namba yake ya Los Angeles ilipokewa na mgeni ambaye majibu yake hayachapiki hapa. Na katika kiwanja cha Abdón ndimo alimokuwa akiishi mama yake, mjane Nicéfora, ambaye hakuwa na kwingine.

Shangazi akaenda kumhoji. Kumbe kila Jumapili, kabla ya chakula cha mchana, simu ya Nicéfora ililia bila kuonyesha namba, naye hakupokea, maana wenye kuficha namba ndio wanaotisha watu ili wawape fedha.

"Na kama ni mwanao?" Shangazi aliuliza.

"Na kama ni majambazi, dada?"

"Basi niachie mimi. Wakiwa majambazi, wataongea na kijiji kizima."

Akaielekeza namba ya Nicéfora kwenye kipaza sauti cha ukumbi wa mkutano.

Jumapili ya mkutano wa tatu, mwenyekiti alikuwa mwepesi wa kuita majina kuliko kawaida, na muda wa simu ulikuwa haujafika. Shangazi akaomba nafasi ya kusema. Alizungumza juu ya nyaya. Akafafanua umeme wa radi, kutu, na panya wanaopenda plastiki. Hakuna aliyeelewa kitu, wala hakukusudia tuelewe. Watu walikuwa wameanza kusinzia simu ilipolia na sauti kujaa ukumbi: "Mama? Mbona hupokei, mama? Nimeibiwa simu, naazima za watu kila Jumapili!"

Nicéfora akashika benchi la mbele yake. Mtu mmoja wa nyuma akapinga: sauti yoyote yaweza kujiita Abdón. Ndipo Mzee Wulfrano, kiongozi wa bendi, akasogea. "Wewe kijana, tuba unayo hapo?"

"Ninayo, Mzee."

"Piga ule wimbo wa maandamano."

Akapiga. Tukasikiliza, kofia mikononi. Alipofika pale alipozoea kukosea, akakosea. "Ni yeye," Mzee Wulfrano akasema. "Kosa hilo nimelipigia kelele miaka yote, na bado analo!" Ukumbi ukaangua kicheko, na Nicéfora akalia waziwazi, kiwanja kikiwa bado chao.

Mkutano ukakubali Abdón atumikie kwa simu, awatafute wenzetu waliopotelewa na namba za nyumbani. Na tangu siku hiyo majina yanapoitwa, walio mbali huitika "Nipo!" kupitia mitambo ya Shangazi, mmoja baada ya mwingine. Wako wengi sana, na hajawahi kumwacha hata mmoja nje.

Mwezi uliopita tulikutana kumtafuta mrithi wake. Majina yakaitwa kama kawaida, ya hapa na ya kule. Ikafika zamu ya Abdón. Shangazi akajaribu laini yake bila kumpata, akajaribu tena, uso umeanza kumbadilika. Nicéfora alikuwa amekikazia macho kipaza sauti kama zamani.

"Nipo," mtu akasema mlangoni.

Alikuwa amesimama na begi mkono mmoja na tuba begani, mwembamba kuliko tulivyomkumbuka. Mama yake alipita katikati ya mabenchi bila kuomba njia, akamshika uso kwa mikono miwili. Ukumbi mzima ulipiga kelele. Na Shangazi Otilia, amevaa visikizio vyake, ametugeuzia mgongo, alikuwa akitufokea tunyamaze kwa sababu anamtafuta Abdón Los Angeles.

Mkutano umempa Abdón kiti cha Shangazi.

Shangazi, tunakushukuru kwa kila sauti uliyotufikishia. Tunakutakia maisha mema, kahawa ya moto na Jumapili ndefu za kupumzika. Simu ikilia, usiinuke. Abdón ataipokea.